UZI: Niligombea Bodi ya Elimu ya Jimbo la Texas, kiti ambacho wapiga kura wengi hawajui kama kipo

MwalimuBayou (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Tangu Machi nimekuwa nikiulizwa na Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hapa Houston, na hata ndugu wa nyumbani: hivi ulikuwa unagombea nini hasa? Ubunge? Udiwani? Ukuu wa shule? Nimejibu vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp hadi nimeona afadhali niandike mara moja, mahali ambapo anayetaka kuuliza atauliza na wengine watasoma.

Niligombea ujumbe wa Bodi ya Elimu ya Jimbo la Texas. Sikupita, niliishia kwenye mchujo. Chama na namba ya wilaya sitavitaja, maana mkishavijua mjadala utahamia kwenye vyama, na mimi nataka tuzungumze kuhusu kiti chenyewe.

Bodi hii ina wajumbe 15. Kila mmoja anachaguliwa na wilaya yake kwa muhula wa miaka 4, na hawalipwi mshahara. Wao ndio wanaopitisha viwango vya masomo, yaani mtoto wa darasa fulani anatakiwa ajue nini katika hisabati, sayansi, historia au afya. Wanapitisha vitabu. Wanaweza kuzuia shule mpya ya charter, yaani shule ya umma inayoendeshwa kwa mkataba nje ya wilaya ya shule, isifunguliwe. Wana sauti pia katika Mfuko wa Kudumu wa Shule, ulioanzishwa 1854 kwa dola milioni 2 na ambao leo una zaidi ya dola bilioni 50. Watoto wanaosoma shule za umma Texas ni kama milioni 5.5, wakiwemo wanangu na bila shaka wa baadhi yenu mnaosoma hapa.

Sasa angalieni ukubwa wa eneo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 29 Texas. Ukigawa kwa 15 unapata kama milioni 1.9 kwa kila wilaya ya bodi. Mbunge anayekwenda Washington anawakilisha watu kama 767,000. Seneta wa jimbo ana kama 940,000. Ukiwajumlisha hao wawili bado hawamfikii mjumbe wa bodi ya elimu, ambaye hana mshahara, hana ofisi ya maana, na jina lake halitajwi kwenye taarifa ya habari.

Hapo ndipo ugumu wa kampeni ulipo. Mgombea wa nafasi nyingine anaanza kwa kujieleza yeye ni nani. Wa bodi hii anaanza kwa kueleza kiti ni kitu gani. Unabisha hodi, mwenye nyumba anafungua, unamwambia "nagombea Bodi ya Elimu ya Jimbo", naye anadhani unagombea ile bodi ya shule za mtaani kwao. Unamweleza tofauti. Akishaelewa, swali linalofuata karibu kila mara ni la jambo ambalo bodi haina mamlaka nalo.

Kwa Houston jambo lenyewe ni HISD. Juni 2023 serikali ya jimbo iliiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi ya wilaya ya shule za Houston, ikateua mameneja na msimamizi mpya. Watu bado wana uchungu. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza akiwa ameshika mlango: "Ukishinda utaturudishia bodi yetu?" Jibu la kweli ni hapana. Uamuzi ule ulitoka kwa Kamishna wa Elimu, naye huteuliwa na gavana. Vocha za kulipia shule binafsi, zile za dola bilioni 1, zilipitishwa na bunge la jimbo na gavana akatia saini Mei 2025. Bajeti ya shule nayo ni ya bunge. Mabasi, usafi na nidhamu ni wilaya za shule zenyewe, na Texas ina zaidi ya elfu moja.

Ningeweza kuahidi. Mlangoni hakuna anayekukagua. Lakini mtu anayeomba kusimamia watoto wafundishwe nini hawezi kuanza kwa kumdanganya mzazi wao, kwa hiyo nilisema hapana kila nilipoulizwa, hata pale nilipoona uso wa mtu unafunga. Kisha nikawaambia bodi inaweza nini.

Nilitumia mfano wa 2015, na wengi wa Houston waliukumbuka. Mwanafunzi wa hapa Pearland alimtumia mama yake picha ya ukurasa wa kitabu cha jiografia. Kwenye ramani iliyohusu uhamiaji paliandikwa kwamba biashara ya utumwa ilileta mamilioni ya "wafanyakazi" kutoka Afrika kuja kulima mashambani. Wafanyakazi! Mama yule akaisambaza mtandaoni, ikawa habari ya taifa zima, na mchapishaji akakubali kurekebisha. Kitabu kile kilikuwa kimepita mchakato wote hadi kikafika mezani kwa mtoto. Nilipomweleza hivyo mzazi yeyote, Mwafrika, Mmarekani mweusi, Mmexico au mzungu, alielewa kiti ni cha kazi gani bila maelezo mengine.

Nitaendelea chini. Ulizeni.

---

Ngosha_wa_Mwanza:

Mwalimu, shikamoo. Pole na hongera kwa pamoja. Swali langu ni la hela. Kama hakuna mshahara, watu wanagombea kwa faida gani? Na wewe ulizitoa wapi? Huku kwetu bila mfuko huwezi hata kata.

---

MwalimuBayou:

Marahaba, Ngosha.

Kuingia si ghali. Ada ya fomu ya kiti hiki ni dola 300, wakati mgombea ubunge wa Washington analipa 3,125. Fomu zinachukuliwa Novemba hadi katikati ya Desemba, mchujo ni Jumanne ya kwanza ya Machi, na pasipopatikana aliyevuka nusu ya kura wawili wa juu wanarudiana Mei. Uwe na miaka 26 au zaidi na uwe umeishi wilayani humo mwaka mzima. Kuzaliwa Moshi hakukatazi, ilimradi umeshapata uraia.

Kinachokula hela ni kuwafikia watu milioni 1.9. Tangazo la televisheni Houston sikuthubutu hata kuulizia mara ya pili. Kadi za posta kwa kila kaya haziwezekani, kwa hiyo unanunua orodha ya waliopiga kura kwenye michujo iliyopita na unawalenga hao tu. Hii inaniuma mpaka leo. Anayepigiwa simu ni yule ambaye tayari anapiga kura. Familia ya Kikongo iliyopata uraia mwaka jana haimo kwenye orodha, na kila mgombea mwenye hela kidogo ataipita nyumba yao.

Kuhusu michango, sheria ni kali na ni vizuri watu wetu waijue. Kabla ya kupokea hata dola moja unamsajili mweka hazina kwenye Tume ya Maadili ya Texas. Kampuni haziruhusiwi kumchangia mgombea. Fedha taslimu kutoka kwa mtu mmoja haziruhusiwi kuzidi dola 100 katika kipindi kimoja cha taarifa, hivyo ule utaratibu wetu wa kupitisha bahasha ukumbini hapana. Na asiye raia wala mkaazi wa kudumu hachangii kabisa, katika uchaguzi wowote wa Marekani, uwe wa rais au wa bodi ya shule. Mwenye green card anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo au ya kazi hapana. Ndugu zangu wa Arusha walitaka kukusanya wanitumie, kwa upendo kabisa, nikawazuia. Mmoja alinuna. Alidhani nimemdharau.

Jambo jingine, majina ya wachangiaji yanaingia kwenye taarifa ambazo yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni, moja siku 30 kabla ya uchaguzi na nyingine siku 8 kabla. Watu wetu tunachangia harusi na misiba bila kuhesabu, lakini jina kuonekana kwenye tovuti ya serikali linawatisha wengi, hasa wenye ndugu ambao makaratasi yao bado yanashughulikiwa. Sikumlaumu yeyote aliyesema "mwalimu, nitakuombea tu". Wengi wa hao ndio waliopika chakula cha vijana waliozunguka na vipeperushi.

Ulipouliza faida: wapo wanaoitumia kama ngazi ya kupandia vyeo vingine, na wapo wanaotumwa na makundi yenye msimamo juu ya vitabu. Mimi nilifundisha sayansi sekondari nyumbani kabla ya kuja huku. Mambo ya mtoto anafundishwa nini ndiyo maisha yangu.

---

Wanjohi_MN:

Asante sana kwa uzi, mwalimu. Niko Minnesota, nimepiga kura huku kwa miaka na sijawahi kuona kiti kama hicho. Ni Texas pekee?

---

MwalimuBayou:

Hujakiona kwa sababu hakipo, ndugu Wanjohi. Minnesota na jirani yenu Wisconsin hayana bodi ya elimu ya jimbo. Katika majimbo mengi iko lakini gavana ndiye anayeteua. Yanayopiga kura ni machache: Kansas wana wajumbe 10, Nebraska 8 na karatasi ya kura haionyeshi chama, Michigan 8 wanaochaguliwa na jimbo zima kwa miaka 8. Colorado, Utah na Alabama nao wanachagua.

Anayetaka kuona kura hizi zinaweza nini aangalie Kansas. 1999 bodi yao iliondoa sehemu kubwa ya nadharia ya mageuko ya viumbe kwenye viwango vya sayansi. Uchaguzi wa 2000 ukabadilisha wajumbe, 2001 ikarudishwa. 2005 kundi jingine likashinda kura 6 kwa 4 na kuvibadili tena viwango, na baada ya uchaguzi wa 2006 vikageuzwa upya mapema 2007. Mwalimu wa biolojia aliyekuwa darasani miaka hiyo alibadilishiwa mwongozo mara zote hizo, na kila badiliko lilitokana na kura chache za mchujo wa Agosti ambao watu wengi walikuwa hawana habari nao.

---

Mtazamaji_Kilosa:

Kwa heshima zote, mwalimu, mfano wako wa Kansas unanithibitishia kinyume. Nyumbani mtaala unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), Kenya wana taasisi yao ya mitaala, KICD. Ni wataalamu. Hatupigi kura juu ya sayansi. Kumpa mwananchi kura aamue mwanafunzi asome nini ni kuingiza siasa darasani, na wewe uliingia humo humo.

---

MwalimuBayou:

Hoja nzito, nami nimekaa nayo muda mrefu. Nitakujibu kwa pande zote mbili kwa sababu nimefundisha chini ya mifumo yote miwili.

Nyumbani mtaala ulikuwa unashuka kutoka juu. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, walimu wenzangu niliosoma nao chuo walinipigia simu wakiuliza vitabu viko wapi. Wataalamu walikuwepo, sikatai, na wengi ni watu ninaowaheshimu. Lakini mzazi wa Kilosa asiporidhika anakwenda kwa nani? Hana mlango wa kubisha.

Texas, rasimu ya viwango huandikwa na makundi ya walimu na wataalamu. Bodi inaipokea, inasikiliza wananchi hadharani, kisha inaweza kuibadili pale pale kikaoni. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari, na hapo nakubaliana nawe. Lakini usikilizaji ule una nguvu ya kweli. Septemba 2018, katika kupunguza wingi wa majina ya kukariri kwenye historia, bodi ilipiga kura ya awali ya kumwondoa Helen Keller na Hillary Clinton. Watu wakapiga kelele, na Novemba majina yakabaki. Aprili 2020 bodi hiyo hiyo ilipitisha somo la hiari la historia na maisha ya Wamarekani weusi kwa sekondari, jambo ambalo wanafunzi na walimu walilipigania. Mjumbe anayejua atarudi kuomba kura anasikiliza tofauti na afisa aliyeteuliwa.

Ningekuwa na uwezo ningeondoa vyama kwenye kiti hiki kama Nebraska, na ningeongeza wajumbe ili wilaya ziwe ndogo. Kura yenyewe ningeiacha.

Ukisema siasa isiingie darasani, Mtazamaji, imeshaingia. Novemba 2024 bodi ilipitisha masomo ya shule ya msingi yanayoitwa Bluebonnet, yenye hadithi nyingi za Biblia ndani ya somo la kusoma. Kura zilikuwa 8 kwa 7. Wilaya za shule hazilazimishwi, lakini inayoyatumia inapata hadi dola 60 za ziada kwa kila mwanafunzi, na kwa wilaya maskini hizo ni hela nyingi. Septemba 2025, kwa kura 8 kwa 7 tena, bodi ilipitisha mpangilio mpya wa masomo ya jamii unaoweka uzito zaidi kwenye historia ya Texas na Marekani, huku somo la tamaduni za dunia la darasa la 6 likiondolewa. Hilo ndilo somo ambalo mtoto wa jirani angeisikia Afrika mashariki zaidi ya wanyama na njaa.

Mimi ni Mkristo, nasali kila Jumapili, na Biblia nawasomea wanangu mwenyewe. Kwenye shule ya serikali yenye watoto wa Kiislamu kutoka Mombasa na wa Kihindu kutoka Sugar Land nataka mwalimu afundishe kusoma. Nilisema hivyo makanisani pia, niliposimama mbele ya watu waliodhani nitasema vingine, na mchungaji mmoja akanishika mkono mwishoni akaniambia hakubaliani nami lakini amenielewa. Kura hizo zilikuwa 8 kwa 7. Mjumbe mmoja tu.

---

Ngosha_wa_Mwanza:

Mchujo wao ukoje? Ni kama kura za maoni zetu, wajumbe wanakaa ukumbini?

---

MwalimuBayou:

Hakuna wajumbe. Texas huandikishwi kwenye chama. Mwananchi yeyote aliye kwenye daftari la wapiga kura anafika kituoni Machi, anasema anataka karatasi ya chama kipi, anapiga. Na kwa jinsi mipaka ya wilaya ilivyochorwa 2021, wilaya nyingi chama cha kushinda kinajulikana mapema. Anayepita Machi ndiye mjumbe. Novemba ni kukamilisha tu.

Kwa hiyo wilaya ya watu milioni 1.9 inaamuliwa na makumi ya maelfu. Na hao nao hawafiki wote kwenye kiti chetu. Zamani ulibonyeza chama mara moja, kura zote zinajaa, lakini Texas ilifuta utaratibu huo kuanzia uchaguzi wa 2020, na kwenye mchujo haukuwahi kusaidia. Unachagua kiti kimoja kimoja. Cha bodi kinakuja baada ya majaji wa mahakama za juu za jimbo. Watu wanachoka na wanaruka. Nilisimama nje ya vituo wakati wa kura za mapema, nje ya ule mstari wa futi 100 ambao ndani yake kampeni hairuhusiwi, na neno langu kwa kila aliyekuwa anaingia lilikuwa hilo hilo: usiishie kwa majaji, endelea. Hata wasiponichagua mimi.

---

BabaFuraha_FW:

Jambo mama mwalimu. Mimi ni wa Kivu, tuko Fort Worth na familia. Nasoma hii yote na moyo unauma, kwa sababu watoto wangu wanne wako shule na mimi sina kura. Niko na green card tu. Siku moja nilienda kutafuta leseni ya gari, wakanipa na fomu ya kuandikisha kura. Nijaze?

---

MwalimuBayou:

Baba Furaha, USIJAZE. Naandika kwa herufi kubwa ili kila anayepita hapa aone. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura, hata kwa kutoelewa, hata kama karani ndiye aliyempa fomu, anaweza kushtakiwa, kunyimwa uraia na kurudishwa. Hakuna kampeni yenye thamani hiyo, na nilikataza vijana wangu kumshawishi mtu yeyote kujiandikisha bila kumuuliza kwanza kama ni raia.

Subiri uraia. Kwa kawaida ni miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, na kwa aliyeingia kama mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyofika Marekani, kwa hiyo angalia tarehe zako, huenda uko karibu kuliko unavyodhani. Ukishaapa, jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Kwa kawaida Texas huwezi kujiandikisha kwa mtandao. Fomu ni ya karatasi, inapelekwa kwa msajili wa kaunti. Kuna watu wa kujitolea ambao kaunti huwapa mafunzo na kibali cha kuandikisha wengine. Mimi ninacho cha Harris, kaunti ya hapa Houston. Kwa Fort Worth mnahitaji mwenye kibali cha kaunti yenu, Tarrant, na raia yeyote wa jumuiya yenu aliye kwenye daftari anaweza kukiomba. Anayejua Kiswahili cha kwenu, Kinyarwanda na Kiingereza atawasaidia wengi sana.

---

BabaFuraha_FW:

Asante mama, Mungu akubariki. Sasa mpaka ile siku, sisi tusio na kura tunafanya nini? Tunyamaze?

---

MwalimuBayou:

Hapana, baba. Bodi ikikutana Austin, mtu yeyote anaweza kujiandikisha kutoa maoni mbele yao. Hawaulizi uraia. Unajiandikisha mapema kupitia tovuti ya wakala wa elimu wa jimbo, unapewa dakika chache tu, unazungumza, na maneno yako yanabaki kwenye kumbukumbu. Vitabu vinavyopendekezwa navyo huwekwa wazi kabla ya kura ili mzazi avisome na kutuma maoni kwa maandishi. Mzazi wa watoto wanne kutoka Kivu akisimama pale kuzungumzia somo la darasa la 6, wajumbe wote 15 watamsikia, na sidhani kama wengi wao wamewahi kumsikia mtu kama wewe.

Kikao kijacho kikitangazwa nitaweka tarehe hapa. Kutoka Fort Worth ni mwendo wa saa tatu hivi. Kuna gari linaloondoka Houston, na kama mko wengi huko tupange mkutane nasi Austin asubuhi. Niandikie faraghani somo unalotaka kulizungumzia, tuyapange maneno yako yaenee kwenye dakika hizo. Kama utapenda kuzungumza Kiswahili, nitasimama pembeni nitafsiri.